Maswali ya wasomaji: Tuhamie eneo la viwanda au tubaki barabarani?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa mafundi na wasindikaji wa hapa Mwanza, nimechukua tatu ambazo zinagusana.

SWALI: Mwangaluka dada. Mi ni fundi wa kuchomelea hapa Igoma, tunatengeneza mageti, madirisha na mashine za kusaga na kukoboa. Tuko wengi tumepangana barabarani, sasa tunasikia kuna mpango wa kututafutia eneo moja nje kidogo ya mji, kila mtu na kiwanja chake. Wengine wanafurahi, wengine wanasema huko wateja hawafiki. Alafu kuna kitu kinaniuma, mwaka jana shule moja ilitaka madawati mia tatu ndani ya wiki tatu, nikakataa maana peke yangu siwezi, jirani yangu nae akakataa, kazi ikaenda kwa mtu wa Dar. Je tukikusanywa huko ndo tutakua?
*Fundi, Igoma*

JIBU: Mwangaluka kaka. Kukusanywa peke yake hakutawakuza, nakuambia mapema kabisa, kwa sababu kila likitajwa kongano la viwanda, yaani viwanda vya kazi zinazohusiana kukaa pamoja, watu wanaona uzio, geti na viwanja vimepigwa namba, wakati kinachomkuza fundi mdogo ni kile anachoshirikiana na wenzake kila siku ya kazi.

Nchi hii tumeshajaribu majengo. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973 na mikoani ikajenga mitaa ya viwanda, hata hapa kwetu Nyakato wapo, na imesaidia watu wengi, sitaki mtu aseme naidharau. Ila angalia vile viwanda vilivyojengwa kwa msaada wa Sweden kuanzia miaka ya 70 huko Arusha na Moshi, vilikuwa na majengo mazuri na mashine mpya, lakini vingi vilitegemea malighafi na vipuri vya kuagiza nje, fedha za kigeni zilipoadimika miaka ya 80 vikayumba vibaya. Walikuwa wamekaa pamoja ila kila mmoja alikuwa ananing'inia kwa muuzaji wa Ulaya, yule wa jirani hakuwa na cha kumuuzia.

Sasa chukua mashine yako ya kusaga. Bodi unakata na kuchomelea mwenyewe, sawa, ila shafti lazima ikakerezwe, kwa hiyo unaibeba kwenye bodaboda mpaka kwa mwenye lezi, ile mashine ya kukereza chuma, unakuta foleni, unaacha, unarudi kesho unakuta amekereza kubwa kidogo beringi haiingii, unairudisha. Puli inatoka kwa wanaosubu, yaani wanaoyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu, chekeche unatafuta mjini, na muda wote huo bodi imekaa nje inapata kutu na mteja wa Sengerema anapiga simu kila asubuhi. Siku zinazokupotea hazipotei kwenye kuchomelea, zinapotea njiani. Mwenye lezi akikaa mita hamsini kutoka kwako unaenda na beringi mkononi, anajaribisha hapo hapo, umemaliza. Hilo ndo kongano kaka, na wala halihitaji uzio.

Pale Kumasi, Ghana, kuna eneo la mafundi linaitwa Suame Magazine, ni maelfu ya watu. Mwaka 1980 chuo kikuu cha hapo kilifungua karakana katikati yao, ikiwa na mashine za kukereza na sehemu ya kusubu, mafundi wakawa wanajifunza pale pale na baadae wengine wakajipatia mashine zao wenyewe. Nimeipenda hiyo kwa sababu mashine ziliwafuata mafundi walipo, hawakuhamishwa wao kuzifuata mashine. Hapa kwetu VETA, wale wa vyuo vya ufundi, na SIDO wana karakana, na mi nadhani kabla hamjaomba viwanja ombeni kwanza hilo, mashine moja kubwa ya kukunja plet za chuma na lezi moja nzuri mahali ambapo mnafika kwa mguu, mnalipia kwa saa. Hakuna fundi mmoja wa Igoma anayeweza kununua mashine ya kukunja akaitumia siku nzima, ila mafundi ishirini wanaweza kuijaza kazi mpaka usiku.

Kuhusu kuhama, msikubali wala msikatae kwa mkumbo. Tumeni watu watatu waende waangalie vitu vya maana. Umeme wa fezi tatu umefika kwenye kiwanja chenyewe au nguzo iko barabarani na mnaambiwa utakuja, maana nguzo ya "utakuja" imewafilisi watu. Daladala zinafika? Duka la chuma lililo karibu liko umbali gani, kwa sababu kila skwea paipu ikipandishwa kwenye kirikuu bei inaongezeka na mteja hataki kuisikia hiyo. Na karatasi mtakayopewa inasema miaka mingapi? Fundi asiye na uhakika wa miaka kumi hamwagi zege la msingi wa mashine, ataendelea kuburuza welding yake kwa toroli. Alafu ombeni mhame kwa makundi kamili, wachomeleaji pamoja na mkerezaji, msubu, mpaka rangi na muuza chuma. Wakihamishwa wachomeleaji peke yao itakuwa kilio.

Sasa hayo madawati, na hapa ndo moyo wangu ulipo kwa kweli. Kazi ile haikuondoka kwa sababu Mwanza hamna mafundi, iliondoka kwa sababu kila mmoja alipiga hesabu ya kibanda chake. Kuna mji Pakistan unaitwa Sialkot, unatengeneza vifaa vya upasuaji, mikasi na vibano vya madaktari vinavyouzwa dunia nzima, na sehemu kubwa inapita kwenye vikarakana vidogo, mmoja anafua, mwingine anapiga tupa, mwingine anang'arisha. Mwaka 1994 Marekani ikavizuia vifaa vyao kwa sababu ya ubora, na wakabanwa wote, mzuri na mbaya. Wakajipanga kupitia chama chao, serikali yao ikasaidia kuleta mafunzo ya kusimamia ubora, wakarudi sokoni. Huyo mwenye kikarakana peke yake angeanzia wapi?

Kwa hiyo ikija kazi nyingine ya mia tatu fanyeni hivi. Mmoja wenu mwenye usajili na TIN, namba ya mlipakodi, anachukua kazi kwa jina lake. Mnatengeneza fremu moja ya mfano ambayo kila fundi anapangia vyuma vyake humo kabla ya kuchomelea, ili miguu ya dawati lako na la jirani isipishane hata nusu sentimita. Mnanunua chuma kwa mkupuo mmoja, lori moja, bei inashuka. Mnamchagua mkaguzi kati yenu, mtu mkali ambaye hata wewe akikurudishia dawati unalirekebisha bila kununa, na malipo ya kila mtu yanaandikwa kabla ya cheche ya kwanza. Hilo la malipo msiliache kwa mdomo jamani, nimeona marafiki wa miaka mingi wameacha kusalimiana kwa sababu ya hela ya kazi ya pamoja. Na mjue sheria ya manunuzi ya umma inatenga asilimia 30 kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, zabuni ziko kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwa hiyo kama vijana wenu wa kibandani wamejisajili kikundi wanaweza kuomba.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasindika dagaa hapa Kirumba, nafungasha kwenye pakiti ndogo. Wenzangu wanataka tuanike sehemu moja na tununue vitu pamoja, ila mi naogopa, wakijua wateja wangu si watanichukulia?
*Mama wa Dagaa, Kirumba*

JIBU: Marahaba mama. Hofu yako ina msingi, usiione aibu. Ila tenganisha mambo mawili, kuanika na kuuza. Anikeni pamoja, uzeni kila mtu na jina lake kwenye pakiti. Mteja wako wa Shinyanga hakufuati kwa sababu unaanika peke yako, anakufuata kwa sababu dagaa wako hawana mchanga, na mchanga unaondoka kwa kuacha kuanika chini na kupandisha dagaa kwenye chanja, na chanja ni gharama, hasa mkitaka za kufunika kipindi cha mvua. Gharama hiyo ndo mgawane.

Vifungashio vilevile. Kiwanda cha mifuko iliyochapwa kinataka oda kubwa ambayo wewe peke yako utaimaliza baada ya miaka, hela imelala stoo. Mkichangia mfuko wa aina moja wenye nafasi wazi ya kubandika lebo ya kila mtu, mambo yanaisha. Na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, wajasiriamali wadogo wanaipata bila malipo miaka mitatu ya mwanzo wakipitia SIDO kupata barua ya utambulisho, ila mkaguzi anataka kuona sehemu safi ya kusindikia, na banda moja zuri la wote linapita ukaguzi kirahisi kuliko nyua kumi za majumbani. Daftari la wateja kaa nalo wewe mwenyewe mama, hilo halina mjadala.

SWALI: Mambo mhariri, sisi vijana saba tunataka kuungana kwenye useremala Buhongwa, lazima tuwe ushirika?
*Kijana, Buhongwa*

JIBU: Poa mdogo wangu. Sio lazima. Mkitaka mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, na hauna riba, anzeni kama kikundi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na katiba yenu na muhtasari wa kikao. Mkianza kupata kazi za kampuni kubwa ndo mfikirie kusajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni. Kwenye katiba wekeni kipengele cha mtu akitaka kutoka anaondoka na nini, randa na msumeno wa umeme ni vya nani, muandike sasa hivi wakati bado mnacheka pamoja.