Kabla Hujajaza Udaktari wa Meno Kwenye Fomu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haitulii. Shangazi ana mtoto, jirani ana mdogo wake, mama wa kwaya ana mpwa. Wote wamesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na swali ni lile lile: "Daktari, akikosa udaktari wa binadamu, aweke meno?" Jibu langu nililete hapa hadharani: kwa sababu hiyo, asiweke.

Si kwamba kazi ni mbaya. Anayekimbilia meno akidhani ni njia ya mkato atashangaa tu. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Upanga, shahada ya udaktari wa meno ni miaka mitano kama ile nyingine, na masomo ya mwanzo ni yale yale: anatomia, fiziolojia, baiokemia, mmebanana darasa moja. Halafu njia zinaachana. Mwenzako anaelekea wodini, wewe unakalishwa maabara na kipande cha nta, uchonge gego mpaka mwalimu aridhike kwamba ni gego kweli, tena la upande uleule aliokuambia.

Hapo A ya kemia haikusaidii. Kazi hii ni ya mikono. Unaifanya ndani ya nafasi finyu, penye mate na ulimi usiotaka kutulia, mara nyingi ukitazama kioo kidogo ambamo mkono ukienda mbele huonekana unarudi nyuma. Wepesi wa vidole unafundishika. Lakini uvumilivu wa kukaa saa nzima na kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, sijaona chuo kinachoutoa kwa urahisi. Ndiyo maana nikiulizwa na binti anayechora piko au kusuka nywele, au kijana anayefungua simu mbovu na kuzirudishia, namsikiliza kwa makini zaidi kuliko yule anayenionyesha alama peke yake.

Alama bado zinahitajika, tena za kutosha. Mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutaja kiwango cha chini kwa kila kozi, nawe usome wa mwaka wako, si wa kaka yako. Ila kiwango cha chini kinakupa ruhusa ya kuomba tu, wala si uhakika wa kuchaguliwa, kwa sababu nafasi ni chache na waombaji ni wengi.

Kabla ya fomu, nenda ukaone. Hapa Dar, hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zote zina idara ya meno. Andika barua kwa mganga mfawidhi, uombe kuangalia kwa siku chache, ukikataliwa jaribu kwingine. Utakachoona zaidi ni kung'oa. Watu wetu huja wamechelewa: ameweka karafuu, amesukutua maji ya chumvi, amemeza dawa za maumivu wiki nzima, na jino ambalo lingezibwa mapema sasa limebaki kisiki. Kama kuona damu na usaha kabla ya chai ya saa nne kunakuharibia siku, ni heri ujue mapema.

Wakati uko pale, sikiliza pia. Hili watu hawalitaji kabisa wanapozungumzia kazi yetu: nusu yake ni maneno. Mzee atakwambia jino la juu haling'olewi, litampofusha. Mama atakuja na mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha, bibi keshasema ni meno ya plastiki na fundi wa mtaani yuko tayari kuyachimbua. Hayo yanayochimbuliwa ni machipukizi ya meno ya kawaida, mara nyingi chonge za utotoni. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata maambukizi, na baadaye hata chonge zake za kudumu zikaota vibaya au zisiote kabisa, huku ugonjwa uliosababisha homa haujatibiwa. Sasa jaribu kumweleza huyo bibi kwa maneno ya darasani. Utamwamkia kwanza, utamsikiliza mpaka mwisho, ndipo uombe mtoto apimwe homa ile. Asiyependa kuongea na watu atateseka sana kwenye kazi hii, na wagonjwa wake watateseka zaidi.

Kuna wanaodhani tunaishia kwenye meno tu. Wakapite Muhimbili waone taya zilizovunjika kwa ajali za bodaboda, na uvimbe wa taya uliofugwa miaka. Upasuaji wa kinywa, taya na uso ni ubingwa kamili, na huanza na shahada hii hii.

Kwa wasiofikia alama za shahada, stashahada ya utabibu wa meno ni miaka mitatu, chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Naiheshimu. Wilayani, tabibu wa meno ndiye anayebeba kazi nyingi, na wapo wanaojiendeleza baadaye.

Ukimaliza shahada kuna mwaka wa mafunzo kazini, halafu usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Hapo wengi huanza kuota kliniki yao Sinza au Mbagala. Punguza mwendo, mdogo wangu. Kiti cha meno, kompresa na mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke vinameza pesa kabla mgonjwa wa kwanza hajakaa, na ukiweka eksirei lazima upate kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu. Fanya kazi kwa mtu kwanza. Jifunze anavyoagiza ganzi, anavyofanya umeme ukikatika jino likiwa wazi, na zaidi ya yote, jua fundi wake wa viti ni nani. Namba ya fundi huyo uwe nayo kabla hujanunua kiti.