Kundi la wanafunzi na mpaka wa Kasumbalesa

SWALI: Tuko wanafunzi 32, tunataka kwenda Livingstone, Zambia, kuona maporomoko ya Victoria. Mwaka jana wenzetu wawili walirudishwa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, mwingine akaachwa na basi Kitwe. Tujipange namna gani? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

JIBU: Anzeni na kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo. Chanjo ya homa ya manjano hutambuliwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa wiki ya safari anajitafutia kukwama. Jina la kwenye kadi lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu, moja husahaulika kirahisi!

Pasipoti kila mtu ashike yake. Mkoba wa kiongozi ukiibwa, kundi zima limekwisha.

Kuhusu kuachwa: msihesabu vichwa kwa macho, maana aliyehama kiti huhesabiwa mara mbili. Kila mmoja apewe namba, 1 hadi 32, aitaje kwa sauti kabla dereva hajawasha injini. Mtaona ni utoto. Ni dakika moja tu.

Zambia magari hupita kushoto. Kama mlango wa basi lenu uko kulia, utafungukia katikati ya barabara. Dereva awashushe ndani ya kituo, na mkivuka tazameni kulia kwanza.

Faranga zibadilisheni kwacha mpakani. Simu zifungeni kwenye nailoni: Machi hadi Mei manyunyu ya maporomoko hulowesha mpaka mifukoni.