Sauti Imekuwa Tamu, Taa ya Injini Imewaka

SWALI: Assalaam aleikum mzee wetu wa gereji. Mimi niko Mikindani, nina Toyota Axio ya 1500, mwezi uliopita nilitoa lile boksi la filta lililokuja na gari nikafunga paipu ya aluminiamu na filta ya koni. Sauti imekuwa tamu sana. Lakini sasa nikiwasha asubuhi mshale wa rev unapanda unashuka, kwenye foleni pale Changamwe gari inatetemeka, na taa ya injini imewaka. Fundi alichomeka mashine ikasoma P0171, akaifuta, siku ya tatu ikarudi. Anasema kompyuta itazoea tu, na alitoa plagi akanionyesha rangi ni nzuri. Mimi roho haijatulia. Nitajuaje kama injini inapata mafuta ya kutosha?

JIBU: Waleikum salaam mwanangu. Umefanya vizuri kutotulia, manake P0171 haitokei kwa bahati mbaya. Maana yake kompyuta imeona hewa imezidi mafuta, ikaongeza mafuta, ikaongeza tena, mpaka ikafika mwisho wa ruhusa yake ndo ikakuwashia taa. Kwa hivo hilo neno la "itazoea" si sawa, ishajaribu kuzoea ikashindwa.

Skiza vile mambo yanavyokwenda. Ndani ya lile boksi lako la zamani kuna sensa ya hewa, ina kiwaya kidogo kinachopashwa moto, hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inajua hewa imeingia kiasi gani kwa kuangalia umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake. Hesabu hiyo ilipigwa kiwandani kwa upana wa boksi lile na si lingine. Sasa ukileta paipu pana zaidi, hewa ileile inapita polepole mbele ya kiwaya, kiwaya hakipoi sana, sensa inasema hewa ni kidogo, na kompyuta inatoa mafuta kidogo. Ni kama mwenye duka aliyebadilishiwa pishi bila kuambiwa, yeye anahesabu pishi kumi kumbe mchele uliotoka ni wa kumi na mbili. Na usidharau tofauti ndogo za macho: pale sensa ilipokaa, kama boksi la kiwanda lilikuwa na upana wa ndani wa milimita 60 na paipu mpya ni 66, nafasi ya kupitia hewa imeongezeka kwa asilimia 21. Chukua kipimo upime zote mbili kabla hujafanya lolote.

Kuhusu plagi. Simlaumu fundi wako, sisi wote tumefunzwa hivo enzi za kabureta. Lakini rangi ya plagi inakupa wastani wa safari nyingi, haikwambii kilichotokea zile sekunde kumi ulizokanyaga mafuta mpaka chini, na hapo ndipo injini inapoumia.

Nunua kidude cha ELM327, kile cha kusoma kompyuta ya gari kinachochomekwa chini ya usukani, weka programu kwenye simu, kisha tafuta namba mbili, STFT na LTFT. Hizo ni asilimia za mafuta ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza, ya kwanza ni ya papo kwa papo na ya pili ni ile iliyojifunza siku nyingi, na wewe unazijumlisha pamoja. Ikiwa jumla inacheza ndani ya 5 juu au chini, gari iko sawa. Ikifika 10 anza kutafuta, ikipita 15 upande wa kuongeza usikanyage moto mpaka ujue sababu. Upande wa kupunguza pia ni ugonjwa, mafuta yakizidi yanaosha oili kwenye silinda na kuua kataliti, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi.

Pasha injini mpaka ifike digrii 80 na kitu, zima AC, iache ingurume imesimama uandike namba. Halafu shikilia rev 2500 kwa dakika moja uandike tena. Hapa ndo patamu. Kama namba zilikuwa juu sana gari ikiwa imesimama halafu zikashuka kwenye 2500, hewa inaingia mahali ambapo sensa haikuiona, angalia klipu za mpira na hasa ule mpira mdogo wa kupumulia unaotoka kwenye kifuniko cha juu cha injini, watu wengi wakifunga paipu mpya wanauacha ukining'inia au wanautia tundu lisilolingana. Kwa dalili ulizonipa, ya kutetemeka kwenye foleni, mimi ningeanzia hapo. Lakini kama namba zinabaki juu vilevile au zinazidi kupanda kadiri unavyoongeza mzigo, basi ni sensa inayodanganywa na paipu, au pampu ya petroli imechoka.

Kipimo cha mzigo kifanye barabarani, na si peke yako, mtu mwengine ashike simu na wewe uangalie njia. Ule mlima wa kutoka Miritini kwenda Mazeras unatosha kabisa, gia ileile bila kubadilisha, mguu wa mafuta palepale, bila kukimbizana na malori. Jua pia kwamba ukikanyaga mpaka chini kompyuta inaacha kusikiliza sensa ya eksozi, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, inatoa mafuta kwa kuamini sensa ya hewa pamoja na yale iliyojifunza, kwa hivo STFT hapo haikuambii kitu. Anayetaka ukweli wa hapo afunge geji ya kupima mchanganyiko kwenye eksozi: safari ya kawaida isome karibu na 14.7, yaani uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, na ukikanyaga mpaka chini kwa injini isiyo na tubo ishuke kwenye 12.5 hadi 13. Ikibaki 14 na zaidi huku injini inavuta mzigo, toa mguu.

Halafu fanya kile ambacho hakina gharama. Rudisha boksi la zamani (natumai hukuliuza!), tembea siku tatu nne, soma tena. Namba zikirudi kawaida mshukiwa umempata, zikibaki vilevile paipu haina makosa na una ugonjwa mwengine. Wakati unabadilisha angalia ule mshale ulio kwenye sensa unafuata upande wa hewa, na sensa haijakaa karibu na kona ya paipu, kwenye kona hewa inajikoroga na usomaji unarukaruka. Na kama filta yako ni ile ya kupakwa oili, oili ikizidi inaganda kwenye kiwaya. Kisafishe kwa dawa ya sensa ya hewa peke yake, si dawa ya kabureta, usiguse kwa kitambaa, na kikauke kabisa kwanza.

Jambo la joto nalo. Ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana filta ya koni inavuta hewa ya ndani ya bonet, ukisoma joto la hewa utaona limepita la nje mbali sana. Hiyo kompyuta inaihesabu, haiharibu mafuta, lakini hewa ya moto ni nyepesi na nguvu uliyonunua inapotea. Tafuta bati la kuikinga.

SWALI: Mzee, mimi gari yangu haina sensa kwenye paipu ya hewa, iko moja tu kwenye manifoldi, zile paipu zinazogawa hewa kwenye silinda. Na mimi niogope? Msomaji, Bamburi.

JIBU: Hofu yako iwe ndogo zaidi. Hiyo inapima presha ndani ya manifoldi, upana wa paipu ya mbele hauidanganyi vile. Lakini ukiwa na mpira uliopasuka baada ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na mguu wa mafuta, gari italalamika vilevile, rev zitapanda zenyewe, kwa hivo kaza klipu zako na usome zile namba mbili kabla na baada ya kufunga.