Nguvu ya gongo la besiboli inaanzia miguuni

Vijana wanaokuja kujifunza besiboli kwetu Goma wengi wametoka kwenye mpira wa miguu, wachache kwenye ndondi. Hawa wa ndondi hawanisumbui, wanajua tayari kwamba ngumi hutoka nyongani. Wenzao wana miguu ya kuonea wivu, ila wakipewa tu gongo la kupigia mpira wanaisahau. Wanapiga kwa mabega, na mpira unaishia kudunda mbele ya pua zao. Mtu anayepandisha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, lenye magunia ya viazi hasukumi kwa viganja, anasukuma kwa mapaja na kiuno. Gongo nalo ni hivyo hivyo: mikono inakuja mwisho.

Msimamo wenyewe hauna mengi. Panua miguu kidogo kupita mabega, legeza magoti, uzito uuweke sehemu ya mbele ya nyayo, si visiginoni. Mimi humsukuma mtu begani kwa vidole viwili. Akiyumba, apange miguu upya. Gongo lishikwe kwa vidole, lisizame kiganjani, maana ukilikaba mkono mzima unakakamaa. Na macho yote mawili yamtazame mrushaji. Wengi hugeuza kichwa nusu tu, jicho la nyuma linatazama pua.

Mkitazama video kwenye simu, msiige mbwembwe. Mpigaji Sadaharu Oh alikuwa akiinua mguu wa mbele juu kabisa, na huko Japani alivusha mpira nje ya uwanja mara 868. Ichiro Suzuki alizoea kumnyoshea mrushaji gongo kabla ya kujiweka sawa, na mwaka 2004 akapata hiti 262 Marekani, yaani mipigo iliyomfikisha salama kituoni. Hayo ni mazoea yao. Anza na miguu iliyotulia, mbwembwe utazitafuta baadaye.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata mpira. Chukua fimbo ya ufagio yenye urefu wa gongo. Weka ncha moja kwenye kitovu, nyingine iguse ukuta, kisha simama papo hapo upige hewani bila kuukwaruza. Anayetanguliza mikono lazima augonge, na kuta zetu za mawe ya volkano hazina huruma, fimbo inatoka imechanika nyuzi. Dawa ni moja: kisigino cha nyuma kiinuke, goti na nyonga vigeuke kwanza, viwiko vibaki karibu na mbavu, ndipo mikono ifuate. Fanya polepole mno, hata wapita njia wakucheke. Usilete gongo zuri kwenye zoezi hili.

Baada ya hapo njoo kwenye kisimamio cha kuwekea mpira. Chetu ni bomba la plastiki lililosimikwa kwenye ndoo ya changarawe, juu tumevalisha kipande cha bomba la mpira la rejeta tulichopewa na fundi magari. Wengi hukosea mahali pa kukiweka. Mpira unaokuja katikati hupigwa ukiwa mbele kidogo, sambamba na mguu wa mbele, si mbele ya kitovu. Unaokuja karibu na mwili uukute mbele zaidi, unaopita mbali na mwili uuache usogee nyuma zaidi. Mpira wa soksi uliojazwa vitambaa unatosha kabisa, na hauvunji kioo cha jirani.

Jicho nalo lina zoezi lake. Kule Venezuela watoto hupiga vizibo vya chupa kwa fimbo, na vizibo Goma havijawahi kuadimika, baa zetu ziko kazini. Kizibo hupinda njiani, hivyo ukikazana kupiga kwa nguvu unakikosa. Anayerusha asimame pembeni kidogo, na asiwepo mtu mwingine karibu, kwani kingo zake zinakata. Kwenye ligi kuu ya Marekani mrushaji yuko umbali wa mita 18.44, na mpira wa kilomita 145 kwa saa unafika kwa sekunde kama 0.4. Hapo hakuna nafasi ya kufikiria nyonga. Mwili uwe umeshazoea.

Kupiga kwa gongo tairi kuukuu lililoning'inizwa mtini pia kunasaidia, lakini msizidishe, viganja vitatoka malengelenge.

Mwisho ni gongo lenyewe, maana wengi wetu tunachongewa na seremala. Lishike mpinini kwa mkono mmoja, unyooshe mbele. Ncha ikianza kushuka kabla hujavuta pumzi chache, ni zito kwako na litakufundisha kupiga kwa mabega. Mrudishie fundi apunguze upande wa kichwa. Mpini asiuguse, hapo ndipo linapovunjikia.