Safisha kwanza, dikoda baadaye: kwa mnaoanza na vichwa vya treni vya zamani

Wapya karibuni sana. Naona wengi mkishapata kichwa cha modeli cha Tri-ang (chapa ya treni za modeli) kwenye mtumba, swali la kwanza ni niweke dikoda gani, yaani kile kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopokea amri za kidijitali na kuendesha mota, na mimi nawaambia subirini kidogo, kwanza tujue mota yenyewe ni nzima au vipi. Hivi vichwa vilitengenezwa Margate huku Uingereza ninakoishi, vingi ni vya miaka ya 1960, vinatembea kwenye reli ya milimita 16.5 kwa volti 12 DC na ndani vingi vina mota inaitwa X04. Ni mota ya wazi kabisa, kila kitu unakiona kwa macho, na kwa mtu anayejifunza ufundi sijaona mwalimu mzuri kama hiyo.

Ukikiweka relini kikanguruma tu bila kwenda, usikimbilie kusema mota imekufa, mara nyingi ni grisi ya miaka na miaka imeganda kwenye gia mpaka imekuwa kama gundi, na unga wa kaboni umechafua kila mahali. Fungua bodi, toa kaboni mbili, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Zinashikwa na springi moja yenye miguu miwili, na hapa naomba mtulie: mguu mmoja umevikwa kamrija kadogo ka plastiki, hako ndio kanazuia shoti, kakipotea ukarudisha springi hivyo hivyo mota haizunguki na utahangaika wiki nzima. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu.

Halafu angalia ile shaba ya mduara inayoguswa na kaboni. Ina vipande vitatu na kati yake kuna vijimfereji, vikijaa unga mweusi wa kaboni umeme unapenya humo, mota inachemka bure. Kwangua kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie msasa, kisha pitisha pamba yenye spiriti. Oili tone moja kila ncha ya shafti, basi, ikifika kwenye shaba umerudi mwanzo. Kichwa changu cha kwanza mita ilisoma zaidi ya ampea 1, baada ya kusafisha ikashuka chini ya nusu na sikununua spea hata moja.

Sumaku msiitoe!! Mimi niliitoa ili nisafishe vizuri, nikaiacha mezani usiku mzima bila kuiwekea kipande cha chuma cha kuunganisha pande zake mbili, nilipoirudisha mota ikawa inakimbia mbio lakini ukifunga mabehewa mawili tu inashindwa, tena inaunguza kidole. Sumaku za zamani zikitoka kwenye fremu yake zinapoteza nguvu, ikabidi ninunue ndogo ya neodimiamu ndio ikapona, na kiukweli iliniuma kwa sababu ile ya zamani ilikuwa nzima kabisa kabla sijaishika.

Ukiridhika na mota sasa ndio tuongee dikoda. Kwenye X04 kaboni moja inapata umeme kupitia chesesi (fremu ya chuma ya kichwa) na dikoda haitaki hivyo hata kidogo, kwa hiyo vika kamrija ule mguu wa pili wa springi pia, halafu weka mita kwenye kipimo cha mlio, ncha moja ya waya wake kwenye kaboni, nyingine kwenye chesesi, ikilia usiendelee, tafuta panapogusana. Hii hatua watu wanairuka na dikoda inaungua sekunde ile ile. Waya mwekundu na mweusi ni za reli, wa chungwa na wa kijivu ni za mota. Ukikuta kapasita ya zamani imechomelewa kwenye mota itoe, inasumbua dikoda.

Dikoda mpya inakuja na adresi 3 (namba ya kukiita kichwa) kutoka kiwandani, ijaribu kwa hiyo hiyo kwanza, mwendo wa chini, na kila dakika mbili simamisha uguse mota kwa kidole.