Cai, sukali, piripiri

Wiki hii mmeuliza: mtoto anayekulia katika lugha zaidi ya moja aanze kusoma kwa ipi? Jibu langu limo katika karatasi aliyoniandikia mwanangu wa miaka saba.

Mimi nimelelewa kambini, baba akiwa askari, na Kiswahili ndicho nilichokua nacho. Mume wangu ni Muganda. Tunaishi Mukono, Uganda, na mtoto yuko darasa la kwanza. Shuleni anasoma kwa Luganda, kama mtaala ulioanza mwaka 2007 unavyotaka: lugha ya mahali hadi darasa la tatu, kisha la nne ni mwaka wa kuvukia Kiingereza.

Siku moja nilimwomba aniandikie vitu vya dukani. Akaandika: cai, sukali, piripiri. Nilipomwonyesha mwalimu wake, aliniambia kwa upole, “Mama, acheni Kiswahili nyumbani, kinamchanganya.” Nikamtii. Wiki mbili nzima nilijikaza kusema naye Luganda yangu ya kuokoteza, na mtoto aliyekuwa akinisimulia mambo ya shule hadi chakula kinapoa akabaki na “yee” na “nedda” tu, yaani ndiyo na hapana. Hilo liliniuma kuliko makosa yoyote ya tahajia.

Ndipo nikaitazama upya ile karatasi. Katika Luganda, herufi c peke yake ndiyo “ch” yetu. Chai huandikwa caayi. R nayo huandikwa baada ya e au i tu, kwingineko ni l. Basi sukali, kwa kuwa imetanguliwa na a. Piripiri, kwa kuwa imetanguliwa na i. Mtoto hakuchanganyikiwa hata kidogo! Alichukua kanuni aliyofundishwa asubuhi akaitumia jioni kwenye lugha ya mama yake, na hakuikosea hata mara moja.

Kwa hiyo nasema aanze kwa lugha anayoielewa akiisikia, maana kutambua kwamba herufi hubeba sauti na sauti zikiungana huzaa neno ni kazi ya mara moja. Akishaiweza, lugha ya pili inamdai tofauti chache tu, na hizo mzazi anaweza kumwonyesha mezani. Mimi nilimwambia: kwa Luganda c inatosha, kwa Kiswahili tunaiongezea h. Alielewa kabla sijamaliza.

Siku hizi baada ya chakula cha jioni tunasoma hadithi moja mara mbili. African Storybook wanazo bure mtandaoni, kwa Luganda na kwa Kiswahili. Mimi huzipakua mapema ili nisile data. Baba yake anasoma ya kwake, mimi yangu, na mtoto anatafuta maneno yanayofanana. Tukichoka, vitendawili: huyu anaanza “koyi koyi”, yule “kitendawili”.

Zipo shule ambazo bado zinamvisha mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Nazisihi ziache. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tutakifundishaje huku tukiwaambia wazazi wanaokijua wakifiche?

Juzi mume wangu aliandika kwa Kiswahili “balua”. Mtoto akachukua kalamu, akafuta l, akaweka r, kisha akamweleza baba yake kwa Luganda safi kwa nini.