Kwa anayeanza kupaka hina: tazama mti kwanza

Wasichana wanaokuja kwangu hapa Unguja kujifunza kupaka hina huja na simu zilizojaa picha: za Kihindi zilizobana mkono mzima, za Kiarabu zenye maua makubwa na nafasi katikati, za Kisudani zenye mistari minene. Siwakatazi. Ila mwanzoni simu hukaa mkobani, tukaenda kutazama miti.

Picha ya simu ilipakwa kwenye mkono wa mtu mwingine. Bi harusi wako ana vidole vifupi, au kiganja kipana, au kovu karibu na kifundo, na ua ulilolikariri halina pa kupita. Aliyezoea kuufuata mmea kwa macho anajua unavyopinda ukikuta kizuizi, na mkono wake nao hupinda.

Anza na mpilipili manga. Nenda mashamba ya viungo ya Kizimbani, utaukuta umetambaa juu ya mti mwingine. Tazama mafundo ya shina lake. Kila fundo lina jani moja, na upande unaoelekeana na jani hilo ndipo kichala cha pilipili kinaponing'inia. Fundo linalofuata, jani limehamia upande wa pili. Upake hivyo kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole, utaona kidole kimerefuka. Wanaoanza wengi huweka majani mawili mawili yanayotazamana kwenye kila shina, mkono ukawa mzito. Majani ya kutazamana yana miti yake: mkarafuu, na mhina wenyewe pia. Yapeleke mgongoni mwa kiganja, kwenye uwanja. (Tukiwa hapo: wangapi kati yetu tumewahi kuliona ua la mhina? Lina petali nne tu, na hunukia.)

Karafuu usiipite. Tunayoiuza ni tumba lililochumwa kabla halijachanua: shingo nyembamba, kichwa cha mviringo, meno manne yamekizunguka. Ni kitu kidogo kisicho na mbwembwe, nacho huziba pengo vizuri kuliko nukta tupu. Kwenye ncha za vidole mimi huiweka peke yake.

Asumini ichume jioni, ikiwa bado imefumba, uiweke kwenye sahani. Ichore ikiwa tumba, ichore ikianza kufunguka, uichore tena ikishachanua. Kila mtu hupaka ua lililochanua kabisa, na mkono wenye maua ya rika moja huchosha jicho. Changanya marika. Mlangilangi nao una petali ndefu zinazolegea na kujipinda. Huo nauweka ubavuni mwa mguu, ambako maua ya mviringo hukatika vibaya. Ukipata nafasi, kaa karibu na bibi anayetunga kikuba, kile kishada cha maua na majani yanayonukia wanachojipamba nacho wanawake. Tazama anavyopisha weupe wa asumini kwa kijani cha rehani bila kupima chochote. Mpangilio wa namna hiyo mimi sijui kuufundisha kwa maneno.

Mazoezi fanyia kwenye kioo au sahani, kwa hina iliyokwisha nguvu. Futa, rudia. Karatasi hunywa unyevu, mstari ukavimba, ukadhani tatizo ni koni ya kupakia hina. Tena usitake kupaka kila ulichokiona. Jani lina mishipa isiyohesabika, koni ina tundu moja; chagua mishipa mitatu, mingine iache. Ngozi uliyoiacha wazi ndiyo inayolipatia jani umbo.

Bi harusi akikuonyesha picha anayoitaka, mpake hiyo hiyo, harusi ni yake. Ulichojifunza mtini kitakusaidia pale picha inapoishia na mkono bado unaendelea. Mwambie tu asijipake mafuta siku hiyo, maana hina haitashika.